Nanga, Mnyororo na Kamba: Historia ya Chombo Kulala Salama Pwani ya Kunduchi



Tukizungumza historia ya kwetu, mara nyingi tunaanza na magofu. Tunataja msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, yale ambayo wajenzi wake waliyapamba kwa sahani na bakuli za Kichina. Ni haki yetu kujivunia urithi huo. Wageni hulipa kiingilio kuja kuuona, na sisi tumekua tukiupita njiani.

Lakini vyombo vile vya Kichina havikufika Kunduchi kwa miguu. Vilikuja kwa bahari, vikipakuliwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, hadi kikaja chombo kikatia nanga mbele ya mji wetu. Kabla ya kaburi kupambwa, palikuwa na baharia aliyetupa nanga na ikashika. Katika makala haya tunamfuata baharia huyo. Tutaeleza nanga ya chombo kidogo imetoka wapi, kamba yake imebadilika vipi, na kwa nini leo, wakati mashine za boti zimekuwa kubwa na nyavu zimekuwa ndefu, nanga ndiyo iliyoachwa nyuma. Mwishoni tutasema kwa nini jambo hili limeingia katika mchango wa mwaka huu.

Nanga ya jiwe

Wataalamu wa lugha hulihusisha neno nanga na neno la Kiajemi langar. Hilo si ajabu, kwa kuwa mabaharia wa Ghuba, wa Bara Hindi na wa pwani yetu wamekuwa wakikutana kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakisubiri pepo zile zile. Kaskazi huwaleta kuanzia Desemba, na kusi huwarudisha baada ya masika. Waliokutana hivyo waliazimana maneno na vifaa.

Nanga ya vyombo vikubwa vya zama hizo ilikuwa jiwe. Lilikuwa jiwe refu lililochongwa pande nne, lenye tundu la mviringo juu la kupitishia kamba, na chini matundu mawili ya mraba yaliyopishana. Katika matundu hayo ya chini walichomeka magongo ya mti mgumu, yakawa makucha. Jiwe lilileta uzito, na magongo yakachimba mchanga. Nanga za aina hiyo zimepatikana Mombasa na Kilwa, na zimepatikana pia pwani za Uarabuni na Bara Hindi. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, aliandika juu yake mwaka 1980. Nanga hizo ni ushahidi kwamba fundi wa zamani alijua jambo ambalo wengi wetu tunalisahau: uzito peke yake hautoshi, lazima pawe na kitu cha kuchimba.

Wavuvi wadogo, wenye mitumbwi na ngalawa, hawakuwa na haja ya jiwe la kuchongwa. Walifunga jiwe la kawaida kwa kamba. Kwa mtumbwi wa mtu mmoja anayevua kwa mshipi siku ya maji mafu, hilo lilitosha, na hata leo wapo wanaolitumia. Wakirudi walikivuta chombo juu ya mchanga, wakakiacha chini ya minazi. Kwa chombo kidogo, usalama wa usiku ulikuwa ufukwe wenyewe, na nanga ilikuwa kifaa cha mchana.

Chuma chafika

Nanga za chuma zilipoenea, pwani yetu ilizigawa kwa majina mawili. Ile ya makucha manne, inayofaa vyombo vyetu, ikabaki na jina la nanga. Ile ya Kizungu yenye makucha mawili na mtaimbo wa kukingama juu ikaitwa baura, jina ambalo mabaharia wa Ghuba nao wanalo. Kamba ya nanga ikaitwa amari. Vijana wengi wa leo hawalijui tena neno hilo, ila wazee wa jahazi wanalijua.

Hizi si tofauti za majina tu. Nanga ya makucha manne ina kazi yake, na hiyo ni kunasa kwenye mwamba. Ukiitupa penye mawe, kucha moja lazima litapata mahali pa kushika. Baura ina kazi ya mchanga na tope: kucha lake ni pana kama sepetu, na likishavutwa linazama. Nahodha wa jahazi aliweza kuwa na zote mbili chomboni, akachagua kwa kutazama chini. Alijua anakolala ni mchanga au mwamba, na kama hajui alipima kwa timazi, risasi iliyopakwa shahamu kitakoni. Timazi ikipanda na mchanga umeganda, alijua. Ikipanda safi na yenye mkwaruzo, alijua pia.

Kamba ya nanga: makumbi, katani, manila

Kama nanga ina historia ndefu, kamba ina historia ndefu zaidi, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya mama zetu.

Kamba ya kwanza ya pwani ni ya makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa kwenye tope la ufuo, mahali maji yanapofika na kuondoka, yakakaa humo kwa miezi. Yakifukuliwa hupigwa kwa fimbo hadi nyama itoke na zibaki nyuzi, yaani usumba. Usumba huanikwa, kisha husokotwa. Tangu kufukia hadi kusokota, kazi hii imekuwa ya wanawake zaidi, na imelisha watoto wengi wa pwani. Mtepe, kile chombo cha kale kisichokuwa na misumari, ulishonwa kwa kamba hizo hizo, mbao kwa mbao.

Kamba ya usumba ina tabia nzuri majini. Haiozi upesi kwenye maji ya chumvi, na inanyumbuka. Wimbi likija inatanuka kidogo, likipita inarudi, kwa hiyo nanga haishtuliwi. Ubaya wake ni kwamba inaelea, ni nene, na nguvu yake ni ndogo ukilinganisha na unene huo.

Ikaja katani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba ya katani yalienea Tanga, Morogoro na kwingineko, hata Tanganyika ikawa ya kwanza duniani. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia tani zipatazo 230,000. Kamba za katani zilifunga meli za dunia nzima, na zilifunga vyombo vyetu pia. Zilikuwa na nguvu kuliko usumba, lakini zikilowa na kukauka mara kwa mara zilioza kwa ndani, nje zikiwa bado zinaonekana nzima. Mvuvi makini alizoea kuisokotoa kamba kidogo atazame moyo wake.

Katani haikuangushwa na kuoza. Iliangushwa na kamba za viwandani zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935, na baadaye zikaja aina nyingine za bei nafuu. Kamba inayouzwa madukani kwetu leo kwa jina la manila kwa kawaida ni ya plastiki. Manila ya kweli ilitengenezwa kwa nyuzi za mgomba wa Ufilipino, lakini jina limebaki na kitu kimebadilika. Manila ya plastiki ni nyepesi, haiozi na bei yake inavumilika. Ina kasoro mbili ambazo kila mwenye boti anapaswa kuzijua. Kwanza, jua linaikausha hadi inakuwa na unyoya na kukatika kama nyasi. Pili, inaelea. Usiku maji yakitulia, kamba iliyolegea huja juu ikasubiri panga la mashine ya boti nyingine.

Aprili 1872

Historia ya pwani yetu ina onyo kubwa moja kuhusu nanga. Katikati ya Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na pwani ya bara inayoelekeana nayo. Mashamba ya mikarafuu na minazi ya Unguja yaling'olewa, misheni ya Bagamoyo ikabomolewa, na bandarini Unguja merikebu za Sultani Barghash na majahazi ya wafanyabiashara yalikokota nanga yakatupwa ufukweni au kuzama. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa, vyenye nanga nzito na minyororo ya kweli.

Kwa miaka mingi baada ya hapo watu wa kwetu walisema vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji. Lakini Aprili 1952 kimbunga kilifika Lindi, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Kabla ya Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Tahadhari ile ilikuwa faida kubwa ambayo watu wa 1872 hawakuwa nayo. Hata hivyo tahadhari ina maana kwa mwenye mahali pa kupeleka chombo chake. Kwa wazee wetu jibu lilikuwa rahisi: kivute juu.

Ufukwe uliotutoka

Hapa ndipo historia ya nanga inapogusa historia yetu ya karibuni. Ufukwe wa Kunduchi umeliwa. Kila aliyezaliwa kwetu kabla ya miaka ya 1980 anaweza kuonyesha kwa kidole mahali palipokuwa mchanga na sasa ni maji. Hoteli ya Africana ilibomoka. Mchanga uliokuwa ukiletwa na mito yetu, kama Tegeta na Mbezi, ulichimbwa kwa miaka mingi ukapelekwa kujenga jiji, na pwani ikakosa chakula chake. Kuta na matuta ya mawe yaliyojengwa kulinda kiwanja kimoja yaliunyima mchanga ufukwe wa jirani.

Ufukwe ukipungua, nafasi ya kuvuta vyombo juu nayo hupungua. Wakati huo huo vyombo vyenyewe vimekua. Ngalawa ilivutwa na watu wachache. Boti ya mbao au ya faiba yenye mashine, nyavu na taa za kuvulia dagaa haivutwi hivyo kila alfajiri. Kwa sababu hizo mbili, boti ndogo ya leo hulala majini. Nanga iliyokuwa kifaa cha mchana imekuwa mlinzi wa usiku, na mlinzi huyo tumempa silaha ya zamani.

Nanga ya nondo

Nanga inayotumika zaidi na wavuvi wadogo wa Dar es Salaam, kuanzia Ununio na Msasani hadi pwani za Kigamboni, ni ya nondo za ujenzi. Fundi wa kuchomelea hukunja vipande vinne, akaviunganisha, akaweka pete juu. Ni rahisi, inatengenezwa siku hiyo hiyo, na ikinasa kabisa kwenye mwamba mwenye boti haoni hasara kubwa kuikata. Tusiidharau. Kwa kuvua mshipi kwenye mwamba ndiyo nanga sahihi.

Tatizo ni kwamba chombo kinavua penye mwamba lakini kinalala penye mchanga. Makucha membamba ya nondo yanaupasua mchanga kama uma unavyopasua uji. Usiku wa kusi kali, upepo ukivuma kutoka kusini na bamvua likijaa, nanga ya nondo iliyofungwa kamba tupu, fupi na inayoelea haishiki. Boti inakokota, inaigonga ya jirani, na asubuhi mwenye boti anaikuta juu ya mawe. Mashine, nyavu na mkopo wa benki vyote vilikuwa vimening'inia kwenye vipande vinne vya nondo.

Namna tatu hizi zinavyosaidiana

Nanga hufanya kazi kama jembe. Ukilivuta jembe kwa mlalo, linazama udongoni. Ukiuinua mpini, linatoka. Nanga nayo ikivutwa kwa mlalo inachimba, ikivutwa kwenda juu inang'oka. Kila kingine katika ufungaji wa nanga ni mbinu ya kuufanya mvuto uwe wa mlalo.

Mnyororo ndio mbinu ya kwanza. Kwa boti ya mita 7 hivi, mita 5 za mnyororo wa milimita 8 zina uzito wa kilo 7 hivi. Uzito huo unalala chini ya bahari na kuishusha kamba, hata wimbi likinyanyua omo nanga haisikii. Mnyororo pia haukatwi na matumbawe, na unaizuia kamba ya plastiki isielee karibu na nanga. Uwe umepakwa zinki, na kiungo kinachoushika kwenye pete ya nanga kifungwe kwa waya ili parafujo yake isijifungue yenyewe.

Urefu wa kamba ndio mbinu ya pili, na hapa ndipo wengi hupotea kwa sababu ya maji kujaa na kupwa. Kwetu bamvua hupanda kati ya mita 3 na 4. Tuseme umetia nanga maji yamekupwa, kina ni mita 2. Yakijaa kina kitakuwa kama mita 5 na nusu, na omo la boti liko nusu mita juu ya maji. Jumla ni mita 6. Kanuni ya mabaharia ni kutoa mara 5 ya jumla hiyo, yaani mita 30 ukihesabu mnyororo na kamba pamoja. Siku ya upepo mkali toa mara 7, ambayo ni mita 42. Aliyetoa mita 10 alipotazama maji ya kupwa aliona anatosha. Saa sita baadaye kamba yake imeinuka mno, na nanga inang'olewa.

Mbinu ya tatu ni kulinda kamba. Mahali inapopita ukingoni mwa boti ndipo inapolika. Kipande cha mpira wa maji uliochakaa kilichopasuliwa na kuvishwa kwenye kamba kinatosha. Ncha ya mwisho ya kamba ifungwe kwenye mti imara wa chombo, si kwenye kiti wala kwenye pete ya mapambo. Nanga zilizopotea baharini pamoja na kamba yote, kwa sababu hakuna aliyefunga ncha, si chache.

Kwa nanga ya mwamba ipo mbinu ya wazee ambayo inafaa kurithishwa. Kamba kuu hufungwa kitakoni mwa nanga, kule makucha yanakoanzia, kisha hushikizwa kwenye pete ya juu kwa uzi mwembamba. Nanga ikinasa, ukivuta kwa nguvu uzi unakatika, na sasa unaivuta nanga kinyumenyume. Inatoka bila kuvunja kitu na bila kuipoteza. Ubaya wake ni kwamba uzi huo unaweza kukatika usiku, kwa hiyo mbinu hii ni ya mchana, mkiwa chomboni.

Chini ya nanga kuna shamba

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na tangu 1994 viko chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari. Wengi wetu tulilichukua jambo hilo kama la serikali na watalii. Lakini matumbawe ya huko ni kitalu cha samaki wanaotulisha. Yaliumizwa na joto la bahari mwaka 1998, na yaliumizwa kwa miaka mingi na baruti, aibu ambayo pwani yetu inaijua. Nanga inayoburutwa juu ya matumbawe hufanya kazi ya baruti polepole. Inavunja leo kilichochukua miaka kukua.

Kwa hiyo mahali pa kulala boti pakipangwa vizuri, faida ni mbili. Boya la kudumu lililofungwa kwenye uzito mkubwa chini ya bahari huokoa boti, na huokoa mwamba, kwa sababu hakuna anayetupa nanga juu yake. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilitambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya wananchi, BMU, na kazi kama hii ni ya vikundi hivyo hasa.

Tunachoomba

Kila mara kifaa kilipobadilika, kazi ya kukilipia iligawanywa. Makumbi yalisokotwa na mama zetu, chombo kilivutwa juu na kijiji kizima, na hakuna aliyeulizwa ni cha nani kabla ya kushika kamba. Leo boti inalala majini peke yake, na gharama ya kuilinda imemwangukia mtu mmoja, mara nyingi kijana mwenye deni, ambaye akihesabu mafuta, barafu na marejesho hukuta hela ya mnyororo haipo. Ananunua nanga ya nondo na kamba fupi, si kwa ujinga bali kwa kukosa.

Kwa sababu hiyo, sehemu ya mchango wa mwaka huu tunaielekeza kwenye seti kamili za kulalia majini kwa vyombo vidogo vya Kunduchi: nanga inayofaa mchanga, mnyororo na kamba ya urefu wa kutosha. Pamoja nazo tunataka wazee wa bahari wakae na vijana wawafundishe kupima, kufunga na kukagua. Mwenye uwezo wa kununua seti nzima anunue. Mwenye uwezo wa mita moja ya mnyororo alete mita moja, kwani haba na haba hujaza kibaba. Mwenye chuma chakavu, baura ya babu iliyolala uani, au ujuzi wa kuchomelea, navyo ni mchango.

Wahenga wetu walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tuliotawanyika Dar es Salaam na mbali zaidi bado marejeo yetu ni Kunduchi. Tuhakikishe kwamba anayerudi alfajiri na dagaa wake anaacha boti yake mahali ambapo jioni ataikuta.